Gelato Huchaguliwa kwa Macho

Msafiri afikaye Roma katika mwezi wa Julai, jua likiwa wima na mawe ya barabara yakimrudishia joto usoni, hana haja ya kuuliza gelato huuzwa wapi, maana hatembei mwendo mrefu asikutane na duka lake, na kila duka limeandika mlangoni kwamba gelato yake ndiyo bora mjini, pengine ndiyo bora katika Italia nzima. Taabu yake basi si kupata, bali ni kuchagua. Na wengi huchagua kwa kufuata foleni, au kwa kuvutwa na rangi, au kwa kuingia duka lililo karibu zaidi na chemchemi ya Trevi, na aghalabu hulipa bei ya juu kwa kitu duni. Hali kuipambanua gelato njema na gelato ya ghiliba si elimu ya mabingwa peke yao, kwa kuwa dalili zilizo kubwa huonekana kwa macho kabla mtu hajafungua mfuko wake, na ulimi huja baadaye kuthibitisha tu.

Kwanza ieleweke kwamba gelato si aiskrimu iliyobadilishwa jina. Mkazi wa Malindi, mji ambao Waitalia wameuzoea kwa miongo mingi, huenda ameionja bila ya kuvuka bahari, lakini wengi wetu twaijua aiskrimu ya sandukuni, na hiyo hujengwa juu ya malai mengi (sheria ya Marekani yataka mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 10) tena hupigwa kwa kasi hata ikajaa hewa, kiasi kwamba lita moja ya mchanganyiko yaweza kutoka mashinini ikiwa karibu lita mbili. Gelato hujengwa juu ya maziwa, malai yakiwa machache, na mafuta yake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 4 na 9; hukorogwa taratibu, ikaongezeka kwa hewa kiasi cha robo au thuluthi tu; kisha hukabidhiwa mnunuzi ikiwa na baridi ya digrii 12 hadi 14 chini ya sifuri, ilhali aiskrimu ya viwandani huhifadhiwa katika digrii 18 chini ya sifuri au zaidi. Hewa ikiwa chache, kijiko huwa kizito na kina kitu ndani yake; mafuta yakiwa machache, hayautandi ulimi, na ladha ya tunda au ya lozi hufika bila ya kizuizi; na baridi ikiwa ya wastani, ulimi haufi ganzi. Sukari nayo haikutiwa kwa ajili ya utamu peke yake, bali ndiyo izuiayo maji yasigande yote yakawa jiwe. Na fundi aizidishaye ili gelato yake ilainike kwa urahisi humwachia mlaji kiu kisichokwisha kwa bilauri moja ya maji.

Sasa tutazame kioo cha duka, tukianza na rangi. Ndizi iliyopondwa haiwi ya manjano. Huwa nyeupe iliyofifia yenye kuelekea kijivu, jambo alijualo kila mtu wa pwani aliyepata kusahau ndizi iliyomenywa sahanini. Kwa hivyo gelato ya ndizi ing'aayo kwa manjano imetiwa rangi, na mwenye kutia rangi katika ndizi, tunda lililo rahisi kabisa, hana sababu ya kujizuia katika mengine. Pistachio ndiyo shahidi mkubwa zaidi. Ikikaangwa na kusagwa, rangi yake huwa kijani kilichochafuka, chenye kupakana na hudhurungi; na ile ya kijani cha kasuku, ambayo watalii huinyoshea vidole kwa furaha, mara nyingi haina pistachio ya kutosha, na harufu yake ni ya arki ya lozi chungu. Mnaanaa halisi vilevile hutoa gelato nyeupe au yenye kijani hafifu, si rangi ya dawa ya meno.

Baada ya rangi ni kimo. Maduka ya mahali pa watalii hupenda kuijenga gelato vilima virefu vilivyopanda shubiri nzima juu ya ukingo wa chombo, vikapambwa kwa vipande vya matunda na biskuti, na mgeni husimama akapiga picha. Lakini gelato ya maziwa na hewa chache haiwezi kusimama hivyo mchana kutwa. Sehemu ipitayo ukingo hutoka katika baridi ya chombo, na ili isiyeyuke lazima imejazwa hewa, mafuta ya mimea na dawa za kushikiza. Fundi mwenye kuiheshimu kazi yake huilaza chini ya ukingo, au huifunika kabisa katika mitungi ya chuma iliyozamishwa ndani ya meza, ambayo Waitalia huiita pozzetti, na mnunuzi haoni ila safu ya vifuniko na ubao wa majina. Mimi huwa na hisani kwa duka la namna hii, kwa sababu mtu asiyejali kuificha bidhaa yake machoni pa watu ana jambo jingine la kuitegemea. Ingawa vifuniko navyo si ithibati kamili, maana hata unga wa paketi waweza kufunikwa.

Unga huo wa paketi ndio siri isiyosemwa. Yapo maduka mengi ambamo mwenye duka hukata mfuko, humimina maziwa, hubonyeza kitufe, kisha huandika dirishani neno artigianale, yaani kazi ya mkono wa fundi. Neno hilo limeenea mno hata limepoteza uzito. Lenye kufaa zaidi ni orodha ya viambato, ambayo yapasa ionekane dukani: ukiona maziwa, malai, sukari, viini vya mayai, matunda, na pengine unga wa mbegu za kharubu, ambao ni kiungo cha kale cha kushikiza, tulia; ukikuta mafuta ya mimea na msururu wa rangi, shukuru na uondoke. Tazama pia majira. Matunda ya Italia yana miezi yake, na duka liuzalo gelato ya tini mwezi wa Februari na ya stroberi mwezi wa Desemba halikwenda sokoni asubuhi ile. Wala sina imani na duka dogo lenye aina sitini za ladha, kwa maana fundi mmoja hana saa za kuzitengeneza zote.

Msomaji akishavuka hatua hizo, na aagize kwanza fior di latte, ambayo ni maziwa, malai na sukari, wala haina yai, vanila wala chochote cha kujifichia. Maana kama vile mpishi wa pwani ajulikanavyo kwa wali mtupu kabla ya pilau, ndivyo ajulikanavyo fundi wa gelato kwa ladha hii iliyo nyeupe. Amwangalie muuzaji akitumia mwiko wake bapa: huikandamiza gelato kwenye ubavu wa chombo, huikunja na kuirudia mara mbili tatu hata ikalainika na kunyooka, ndipo huipaka katika koni kwa mkono mmoja. Ikiwa inakatika vipande vikavu, ina baridi mno au imekaa siku nyingi. Ikiingia kinywani na chembe za barafu zikasikika menoni, iliwahi kuyeyuka ikagandishwa tena. Na ikiachwa kikombeni kwa muda, iliyo njema hurudi kuwa maziwa mazito yenye harufu yake, ilhali ile ya ghiliba husimama kama ilivyo, ikabaki povu.

Asili ya mambo haya ina hikaya nyingi, na ile ya Marco Polo kuileta aiskrimu kutoka Uchina haina ithibati yoyote. Lililo dhahiri ni kwamba kisiwa cha Sicilia kilitawaliwa na Waarabu tangu karne ya 9 hata ya 11, wakapanda humo miwa na malimau, na sharbati yao ilikuwa na jirani mwema: mlima Etna, ambao kilele chake hushika theluji. Kwa karne nyingi theluji hiyo ilikusanywa, ikashindiliwa katika mapango na mashimo, ikateremshwa mijini usiku kwa migongo ya nyumbu, na Askofu wa Catania alikuwa akipata mapato yake katika biashara hiyo. Kisha ikajulikana kwamba barafu ikichanganywa na chumvi baridi yake huzidi, hata ikafika kiasi cha digrii 21 chini ya sifuri, na hapo ndipo sharbati ilipoweza kugandishwa badala ya kupozwa tu. Katika miaka ya 1690 Antonio Latini, msimamizi wa karamu za wakubwa huko Napoli, alichapisha namna za kutengeneza sorbetto, mojawapo ikiwa ya maziwa. Na kabla ya hapo, mwaka 1686, Msicilia Francesco Procopio alikwisha fungua Paris mkahawa uliowazoesha Wafaransa vinywaji vya barafu. Mkono ulipumzika mwaka 1927, pale Otello Cattabriga wa Bologna alipobuni mashine iliyoiga mwendo wa mwiko wa fundi. Na karibu na mji huo, huko Anzola dell'Emilia, pana jumba la makumbusho ya gelato lililofunguliwa mwaka 2012.

Mtu akiuliza ni mji upi ulio na gelato bora, ameuliza swali lisilo na jawabu moja, kwa kuwa kila jimbo huweka katika gelato kile kiotacho shambani kwake. Torino, mji usio mbali sana na vilima vya Langhe, una kokwa ziitwazo nocciola, ambazo zikisagwa pamoja na chokoleti huwa gianduia, na mtu kuagiza limau katika mji huo ni kujidhulumu. Bergamo ndiko ilikozaliwa stracciatella mwaka 1961, pale Enrico Panattoni alipomimina chokoleti iliyoyeyushwa ndani ya fior di latte iliyokuwa ikizunguka mashinini, nayo ikaganda papo hapo na kuvunjika nyuzi nyuzi. Firenze ina ladha ya malai na mayai iliyopewa jina la Buontalenti, msanifu majengo wa karne ya 16 aliyetumikia nyumba ya Medici; na San Gimignano, mji mdogo wenye minara, una gelato ya zafarani na mbegu za msonobari. Roma ina maduka ya kale, Fassi la tangu 1880 na Giolitti la tangu 1900, na huko muuzaji atakuuliza kama wataka panna, yaani malai yaliyopigwa, juu ya koni. Kubali.

Kuhusu fedha, kikombe kidogo hugharimu kiasi cha euro 3 au 4, na desturi ya maduka mengi ni kulipa kwanza kwa keshia, kisha kuipeleka risiti kwa mwenye mwiko. Bei ya kusimama na bei ya kukaa mezani hazilingani, na asiyesoma ubao wa bei ajilaumu mwenyewe: mwaka 2013 magazeti yalieneza habari ya watalii wanne wa Uingereza waliotozwa euro 64 kwa gelato nne katikati ya Roma. Mwislamu naye ana hadhari yake. Zabaione hutiwa mvinyo wa Marsala, malaga ni zabibu zilizolowekwa katika ramu au mvinyo, zuppa inglese ina kileo chekundu kiitwacho alkermes, na tiramisù yaweza kuwa nacho pia. Tena wapo watumiao gelatini, ambayo huenda ikatoka kwa nguruwe. Aulize bila ya haya, kwani wauzaji wa huko wameyazoea maswali haya.

Ama mimi, nikiulizwa na mtu mwenye safari moja tu maishani, humwambia ashukie Catania na ayaache ya Roma kwa siku za mwisho. Sicilia ndiko gelato inakoliwa asubuhi bila ya mtu kushangaa, ikiwa imejazwa ndani ya mkate laini wa mayai wenye kichwa kidogo juu, au pembeni yake pakiwa na granita, ndugu yake wa maji na barafu, ya lozi, ya kahawa, au ya forosadi nyeusi zipatikanazo majira ya joto tu. Trapani, upande wa magharibi wa kisiwa, bado yatengenezwa ile ya asumini na mdalasini, na nasadiki kwamba mtu wa Lamu au Unguja akiionja hatahitaji kufafanuliwa. Kisha apande Bronte, ubavuni mwa Etna, ambako pistachio huota katika udongo wa lava, wala miti yake haichumwi ila kila mwaka wa pili, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, kuanzia mwisho wa Agosti hata Septemba. Hivyo atakayefika Septemba ya mwaka 2027 atazikuta zikianikwa juani, na ndiyo nafasi ya kuila gelato yake ikiwa na pistachio ya mavuno mapya.