Askari wa Zamani Arudipo Jeshini

Kumwachisha askari kazi ni jambo jepesi. Hurudisha bunduki na sare, hulipwa haki yake, kisha hushika njia ya kwao. Lakini kumpata tena siku anapohitajiwa ni jambo jingine kabisa. Habari za batalioni ya pili ya King's African Rifles, jeshi lililojulikana na watu wa Afrika ya Mashariki kwa jina la Keya, zaonyesha jambo hilo waziwazi.

Keya iliundwa tarehe 1 Januari 1902, kwa kuunganisha majeshi ya Afrika ya Kati, Afrika ya Mashariki na Uganda. Askari wa batalioni ya kwanza na ya pili walitoka Nyasaland, nchi ambayo tangu mwaka wa 1964 yaitwa Malawi, na wengi wao walikuwa Wayao. Mwaka wa 1911 Serikali ya Uingereza, ikitaka kupunguza gharama, iliivunja batalioni ya pili. Watu waliokuwa wamezoea safari ndefu na vita walijikuta raia.

Wengine walirudi vijijini wakashika jembe. Lakini mtu aliyejifunza uaskari tangu ujanani huenda asiwe na kazi nyingine aijuayo vizuri kama hiyo. Kwa hiyo wako waliovuka mpaka na kuandikwa katika jeshi la Wajerumani, ambao walikuwa wakiwalipa askari wao mshahara mzuri kuliko ule wa Keya.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Keya ilikuwa na batalioni tatu tu, zenye askari kama 2,300, nao walikuwa wametawanyika katika nchi kubwa. Hapo ndipo thamani ya wale walioachishwa ilipoonekana. Mwaka wa 1916 batalioni ya pili iliundwa upya, na askari wa zamani wakaitwa warudi. Lakini baadhi ya wenzao walikuwa tayari upande wa pili, wamevaa sare ya Wajerumani. Hivyo watu waliowahi kulala kambi moja na kula chakula kimoja sasa walikuwa maadui.

Askari arudiye baada ya kukaa uraiani hawi sawa na kuruta. Kwata haijamtoka, ajua kuitunza bunduki yake, kushika zamu usiku bila kusinzia, na kutii amri bila kuuliza sababu. Hata hivyo, mengi huwa yamebadilika. Mwili uliozoea kazi za nyumbani hapana budi uzoeshwe tena kubeba mzigo kwa mwendo wa siku nyingi. Silaha nazo huwa mpya: katika vita vile Keya ilipewa bunduki za Lewis, zipigazo risasi mfululizo, na mizinga midogo ya Stokes, ambazo askari wa mwaka wa 1911 hakuzijua. Tena huenda akawekwa chini ya mkubwa aliye kijana kuliko yeye, asiyeijua nchi wala lugha. Hapo yahitajiwa subira kwa wote wawili, kwani kila mmoja ana jambo la kumfundisha mwenzake.

Faida ya watu kama hao ilionekana zaidi jeshi lilipopanuliwa. Mwezi wa Januari 1917 Jenerali Hoskins, aliyekuwa zamani Mkaguzi Mkuu wa Keya, alishika uongozi wa vita akasisitiza kwamba Waafrika wengi zaidi waandikwe. Vita vilipokwisha mwaka wa 1918, Keya ilikuwa na batalioni 22 na askari zaidi ya 30,000. Wengi katika hao walikuwa kuruta, na kuruta huhitaji mtu wa kumwongoza. Askari mzee aliye ubavuni mwake humfundisha mengi yasiyofundishwa uwanjani.

Kurudi jeshini kuna gharama yake nyumbani pia. Shamba hubaki bila mwenyewe, mke hubeba kazi za watu wawili, na watoto hukua baba hayupo. Kwa hiyo mtu aitwaye mara ya pili astahili kuelezwa wazi muda wa kazi yake, mshahara wake na cheo chake, na ahadi hizo zitimizwe.

Ndiyo sababu majeshi mengi huweka askari wa akiba. Mtu wa akiba hukaa kwake akifanya kazi zake, lakini jina lake limo daftarini, na huitwa mara kwa mara afanye mazoezi asisahau kazi. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Mwaka wa 1911 batalioni ya pili ilivunjwa. Fedha kidogo ziliokolewa, na miaka mitano baadaye batalioni ile ile ikabidi iundwe tena, katikati ya vita.