Mintarafu ya Vyombo vya Kuonyesha Njia kwa Wapanda Pikipiki

Mtu anayekusudia kununua chombo cha kumwonyesha njia, apate kukifunga katika usukani wa pikipiki yake, aghalabu humwuliza muuzaji kwanza kama chombo hicho hunasa setilaiti nyingi. Na muuzaji, kwa kuwa swali hilo lina jibu jepesi la kumridhisha mteja, humtajia mifumo yote minne, GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na biashara ikaishia hapo. Swali hilo si la upuuzi, lakini kwa mpanda pikipiki ndilo lenye faida haba kuliko yote, maana setilaiti ni zile zile kwa wote, na simu ya bei ya wastani huzipokea kama zinavyopokewa na chombo maalumu ambacho bei yake yaweza kufikia sehemu kubwa ya bei ya bodaboda mpya.

Setilaiti za GPS huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiwa na saa ya atomu, nazo hutangaza pasi na kukoma mahali zilipo na wakati uliopo. Chombo cha msafiri hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, na kwa kuwa mawimbi hayo huenda kwa mwendo wa nuru, kosa la sehemu moja katika milioni ya sekunde huwa ni kosa la mita 300. Ndiyo sababu zikahitajiwa setilaiti nne, tatu za kutambulisha mahali na ya nne ya kusahihisha saa dhaifu ya chombo chenyewe. Mpaka Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyapotosha kwa makusudi mawimbi wanayopewa raia, hata mtu akaweza kuonyeshwa mahali palipo mbali naye kwa mita 100; upotoshaji ule ulipoondolewa, chombo cha bei ndogo nacho kikaweza kumtambulisha mwenyewe mahali alipo kwa hitilafu ya mita chache tu, maadamu yuko chini ya mbingu zilizo wazi. Hitilafu hiyo haimpotezi mtu barabarani. Kinachompoteza ni ramani.

Hapa yafaa kutenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Mawimbi ya setilaiti hayana malipo wala hayahitaji mtandao. Ramani ndiyo inayoletwa kwa bando, na bando likiisha, au minara ya simu ikitoweka porini, msafiri hubaki na nukta ya buluu katikati ya kioo kitupu. Kwa hiyo sharti la kwanza ni ramani iliyohifadhiwa ndani ya chombo, na la pili ni kwamba iwe mpya. Ramani ya miaka michache iliyopita humpeleka msafiri wa Mwanza aendaye Sengerema kwenye kivuko, ilhali daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025. Fauka ya hayo, vyombo vinavyoagizwa kutoka ng'ambo aghalabu huwa na ramani iliyochorwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani. Dawa yake ipo, tena haina malipo: OpenStreetMap, ramani ya kujitolea iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo kwa Dar es Salaam ilitajirishwa sana na mradi wa Ramani Huria tangu 2015, pale wanafunzi wa vyuo vikuu na wenyeji wa mitaa walipotembea kwa miguu wakiandika mifereji, vichochoro na nyumba za kata zinazofurika wakati wa mvua, kazi ambayo naiheshimu kuliko chombo chochote cha dukani. Programu kama OsmAnd na Organic Maps huisoma ramani hiyo bila mtandao, na vyombo vingi vya Garmin hukubali kupakiwa. Lakini hata ramani njema haijui majira: ikiambiwa itafute njia fupi kuliko zote, yaweza kumtumbukiza mtu katika udongo mweusi wa mbugani katikati ya masika, na kwa sababu hiyo nakipenda chombo kinachomruhusu mwenyewe kuichora njia yake nyumbani kwa utulivu na kuihifadhi.

Baada ya ramani huja mtetemo. Injini ya silinda moja, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huwa imezunguka mara 100 katika kila sekunde, na kila mzunguko hufika usukanini. Ndani ya kamera za simu nyingi za siku hizi mna lenzi iliyoachwa icheze kwa nguvu ya sumaku ili picha isitikisike; na Septemba 2021 kampuni ya Apple yenyewe iliwatahadharisha wateja wake kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki yaweza kuidhuru kamera ya iPhone. Chombo maalumu hakina kamera ya kudhurika. Alazimikaye kutumia simu, na wengi wetu ndio hao, na atwae simu yake ya zamani, aifunge katika kishikizo chenye mipira ya kumeza mtetemo. Kadhalika alichunguze tundu la chaji, kwa kuwa plagi inayochezacheza kutwa hulilegeza, vumbi likaingia, na betri ikaisha pasipo mwenyewe kujua. Vyombo maalumu vilivyo bora huupokea umeme kupitia kishikizo chenyewe, bila waya kuning'inia.

Jua nalo lina hukumu yake. Apple huweka nyuzi 35 kuwa mpaka wa joto la kutumia iPhone, na mchana wa pwani katika Januari hauko mbali na mpaka huo hata kivulini. Simu ikipata moto hupunguza mwanga wa kioo chake, yaani hufifia saa ile ile mwenyewe anapokihitaji zaidi, kisha huacha kupokea chaji. Ama mvua, msomaji asidanganyike na alama ya IP67: tarakimu ya 6 ni dhamana ya vumbi, na ya 7 ni ya kuzamishwa katika maji yaliyotulia, mita 1 kwa dakika 30, wala haisemi lolote juu ya maji yanayorushwa kwa kasi. Tena matone yakikigusa kioo cha simu, hukifanyia kazi kama vidole, ramani ikaenda isikoamriwa.

Linalonitia hofu kuliko yote ni jicho. Mtu aendaye kilomita 60 kwa saa, akikitazama kioo kwa sekunde mbili, amekwisha kupita mita 33 bila kuiona barabara. Madereva wengi wa bodaboda huibana simu kati ya helmeti na shavu wapate kusikia maelekezo ya mteja. Nia yao ni njema, lakini simu hiyo huifanya helmeti isikae sawasawa kichwani. Afadhali kipaza sauti kidogo cha Bluetooth ndani ya helmeti, na chombo kitamke kona mapema kwa jina la barabara.

Basi kwa bodaboda wa mjini, simu ya zamani yenye ramani iliyopakuliwa yatosha kabisa, na fedha iliyobaki ikanunue kishikizo kizuri na waya uliopitishwa kwenye swichi ya ufunguo, uwe na fyuzi, ili betri ya pikipiki isinyonywe usiku. Kwa msafiri wa masafa marefu, aendaye siku nyingi juani na mvuani, naona chombo maalumu kinastahili gharama yake. Yeyote kati yao, kabla ya kutoa fedha, aombe chombo kiwashwe pale dukani mtandao ukiwa umezimwa, kisha aandike jina la kijiji chao; kisipokionyesha, na akiache juu ya meza.