Rangi Mpya Juu ya Alumini Iliyolika: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Fremu za madirisha, reli, ngazi na vifungio vya kamba katika boti nyingi za faiba hutengenezwa kwa alumini. Baada ya miaka kadhaa katika maji ya chumvi, rangi yake huanza kufanya malengelenge, na chini yake hupatikana unga mweupe. Mwenye boti humwita fundi, rangi hupakwa, chombo hung'aa. Msimu haujaisha, malengelenge yamerudi palepale. Hapo ugomvi huanza: fundi huilaumu rangi, muuza rangi humlaumu fundi, na mlaji amekwisha kuwalipa wote wawili.

Mara nyingi kiini cha tatizo hakimo katika rangi ya juu, bali katika kazi ambayo mlaji hakuiona ikifanyika.

Alumini haioti kutu nyekundu kama chuma. Hewa inapoigusa, hujitengenezea utando mwembamba mno unaoilinda. Utando huo, hata hivyo, haushikamani vizuri na rangi ya kawaida, na chumvi ya bahari huutoboa. Pale ambapo skrubu ya chuma kisichoshika kutu imepenya katika alumini, maji ya chumvi huwezesha mkondo mdogo wa umeme kupita baina ya metali hizo mbili, na inayolika ni alumini. Ndiyo maana malengelenge huonekana kwanza kandokando ya skrubu. Fundi anayepaka rangi bila kuzifungua ameacha chanzo mahali pake.

Kazi inayostahili malipo huanza kwa kukifungua kifaa, inapowezekana, kukiosha kwa maji yasiyo na chumvi na kuondoa mafuta. Kisha rangi iliyolegea na unga mweupe husuguliwa kwa msasa hadi metali safi ionekane. Brashi ya nyaya za chuma isitumike, kwa kuwa huacha chembe zinazoota kutu. Wala dawa ya kuondolea rangi yenye kostiki soda, ambayo huila alumini yenyewe. Praima ya zamani yenye rangi ya njano huenda ikawa na kromati, na vumbi la kromati laweza kusababisha saratani. Isisuguliwe kavu, na watoto wasiwe karibu.

Praima mpya ipakwe ndani ya saa chache, kwani utando hurudi upesi na hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Mlaji na aombe kuliona kopo: lieleze kwamba praima inafaa kwa alumini, uwiano wa kuchanganya, muda wa kusubiri kati ya mkono mmoja na mwingine, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Praima iliyomiminwa katika chupa isiyo na lebo isikubaliwe, hata kwa bei ya kutupa. Skrubu zirudishwe zikiwa na washa za plastiki.

Rangi ya kuzuia viumbe vya bahari, ambayo aghalabu huwa na shaba, isipakwe juu ya alumini, ukiwemo mguu wa injini ya kupachika. Kipande cha zinki kilichofungwa hapo kisipakwe rangi yoyote: kimewekwa kilike badala ya injini, na kikifunikwa hakifanyi kazi.

Vipo pia vifaa visivyostahili rangi kabisa. Kifungio cha kamba au nguzo ya reli iliyolika hadi kuwa na vishimo vya kina au nyufa ibadilishwe. Rangi itavificha vishimo, haitarudisha nguvu, na abiria atakayeiegemea reli hiyo hana namna ya kujua.

Tunamshauri mlaji akubaliane na fundi kwa maandishi kwamba praima haitapakwa kabla yeye hajaiona metali iliyosafishwa, au picha zake, na kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi wakati huo. Makopo matupu yatunzwe pamoja na risiti hadi dhamana iishe. Malalamiko yanapoletwa kwetu, namba ya toleo iliyo kwenye kopo ndiyo tunayoiuliza kwanza.