Mbegu, Sheria na Mkulima wa Singida (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi serikali inavyoamua ni utafiti gani ugharamiwe. Leo twende shambani, tuone utafiti huo ukishazaa matunda unamfikiaje mkulima, na nani huhesabiwa kuwa mwenye mali.

Wakulima wa mtama wa Singida wanalijua vizuri gugu la kiduha. Hujishika kwenye mizizi ya mtama na kunyonya chakula chini kwa chini, hata mmea ukadumaa kabla gugu lenyewe halijachomoza. Mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha aina mbili za mtama zinazolihimili, Wahi na Hakika. Chimbuko lake ni kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alikokuwa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Mtama, zao la Afrika tangu asili, ulizunguka dunia ukarudi nyumbani umeongezewa nguvu. Uliweza kurudi kwa sababu watafiti wa umma walipeana mbegu.

Mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Mbegu, inayokataza kuuza mbegu isiyothibitishwa. Lengo lake ni jema. Aliyewahi kuuziwa nafaka ya kula iliyopakwa rangi akiambiwa ni mbegu hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2012 ikaja Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mimea, na Novemba 2015 nchi ikajiunga na UPOV, muungano wa kimataifa unaolinda haki hizo. Mgunduzi hupewa miaka 20 ya kumiliki aina yake, na 25 kwa miti na mizabibu. Masharti ni kwamba aina hiyo iwe mpya, itofautiane na nyingine zote, mimea yake ifanane, na isibadilike vizazi vikipita.

Sharti la kufanana ndilo linalonisumbua. Aina za kienyeji za mtama na uwele hazifanani mmea kwa mmea, na hapo ndipo ilipo faida yake. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, na mara nyingi hukatika katikati, hasa Februari. Shamba lenye mimea inayowahi na inayochelewa halipotei lote kwa siku hizo za ukame. Kuchagua masuke ya kuhifadhi, kuyaanika, kuyaning'iniza juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyaguse, ni kazi ambayo kwa sehemu kubwa imefanywa na akina mama. Ni utafiti kamili, ila hauna cheti, na mtihani wa sheria ulivyopangwa, hauwezi kukipata.

Upo mlango mdogo. Sheria inatambua Mbegu za Daraja la Kuazimiwa, ambazo maofisa ugani huziita QDS. Kikundi cha wakulima huchukua mbegu ya msingi, huizalisha chini ya ukaguzi mwepesi wa TOSCI, taasisi ya taifa ya kuthibitisha mbegu, kisha huwauzia majirani. Hapo mwanzo ndani ya kata tu, baadaye wigo ukapanuliwa hadi wilaya. Kwa alizeti utaratibu huu unafaa sana. Record, aina ya zamani inayochavushwa na nyuki, mkulima anaweza kuizalisha mwenyewe akitenga shamba lake mbali na alizeti nyingine. Chotara kama Hysun 33 hazimpi nafasi hiyo, maana akirudia mbegu ya mavuno yake mazao hupungua. Zinajilinda zenyewe bila msaada wa wakili. Lakini QDS nayo inadai aina iliyosajiliwa kitaifa. Uwele wa bibi bado uko nje.

Tanzania ilijiunga mwaka 2004 na Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo. Ibara yake ya 9 inazungumzia haki za wakulima: kulindiwa maarifa yao, kugawiwa faida na kushirikishwa katika maamuzi. Kwa maoni yangu, ibara hiyo ingeanza kufanya kazi kwa hatua ndogo tu: daftari la aina za kienyeji katika kila halmashauri, likiandika jina la aina, kijiji kilipo na sifa ambazo wenyewe wanaitambulia. Daftari halimpi mtu umiliki. Ila atakayekuja kesho kudai kwamba amegundua uwele unaostahimili ukame wa Mkalama, wilaya ya Singida, atakuwa na maswali ya kujibu.

Wiki ijayo: benki ya nasaba za mimea iliyopo Arusha, na njia anayoweza kutumia mkulima kuomba arudishiwe mbegu zilizochukuliwa kijijini kwake.