Kujenga Mlingotini (5): Leseni ya Fundi Umeme Kabla ya Kutindua Ukuta

Juma lililopita tuliishia kwenye paa. Nyumba sasa imefunikwa, kuta bado hazijapigwa plasta, na ndiyo saa ya fundi umeme kuingia na tindo na nyundo. Katika ujenzi mzima hakuna hatua inayofichwa upesi kama hii. Msingi mbovu utaonekana kwa nyufa na bati bovu litavuja mvua ya kwanza ya masika, lakini waya ulioungwa vibaya ukazikwa ndani ya plasta unaweza kukaa miaka bila mtu kujua. Kwa hiyo suala la leseni ya fundi lina mahali pake pa kuulizwa, nalo ni hapa, kabla ukuta haujaguswa.

Nisemapo leseni sina maana ya cheti. Vijana wengi wa Mlingotini, Pande na Kondo wanaofanya kazi hii wamesoma kweli. Wengine wana vyeti vya VETA, vile vya zamani vya majaribio ya ufundi vya daraja la tatu, la pili na la kwanza, au vya mfumo wa sasa wa NVA wenye ngazi I hadi III. Cheti kinathibitisha kwamba mtu alifundishwa na akafaulu. Ruhusa ya kuifanya kazi hiyo kwenye nyumba za watu hutolewa kwingine: kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya 2008, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1931, ufungaji wa mifumo ya umeme ni miongoni mwa shughuli zinazohitaji leseni, na mtoaji wa leseni hiyo huku Tanzania Bara ni EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Fundi mwenye cheti asiye na leseni anaweza kuwa hodari. Tatizo ni kwamba hajapimwa na mdhibiti, na nyumba ikiungua hakuna jalada lolote lenye jina lake.

Leseni zenyewe zimepangwa kwa madaraja: A, B, C, D, W na S. Daraja A ndilo lenye mamlaka mapana kuliko yote, yanayofuata hupungua kwa msongo na ukubwa wa kazi, W limewekwa kwa mafundi wa kutandaza nyaya, na S ni la kazi maalumu. Nyumba ya vyumba vitatu yenye umeme wa njia moja haihitaji mtu wa daraja A, na usikubali kutozwa bei kubwa kwa sababu ya herufi hiyo. Ila kama unajenga nyumba ya wageni karibu na ufuko, yenye viyoyozi na pampu kubwa, na umeomba umeme wa njia tatu, soma vizuri leseni inaruhusu nini. Angalia jina, daraja na tarehe ya mwisho, kisha linganisha na orodha ya wenye leseni ambayo EWURA huiweka kwenye tovuti yake. Kijana yeyote mwenye simu atakusaidia kuitafuta.

Ukiajiri kampuni, kuna swali la pili. Makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1997. Usajili wa kampuni hauondoi haja ya leseni ya EWURA kwa mtu atakayesimamia nyaya zako. Na kwa kuwa sisi na Unguja tunatazamana, mafundi huvuka kwa boti kutafuta kazi: Zanzibar ina mdhibiti wake, ZURA, na shirika lake la umeme, ZECO. Fundi aliyezoea kazi za huko anakaribishwa kwa moyo mmoja, lakini huku bara aulizwe karatasi ya huku.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera, ambalo ndilo lililonifanya niitengee mada hii sehemu nzima ya mfululizo. Mama mwenye nyumba anamuuliza kijana kama ana leseni, anajibiwa kwa upole: “Mama, usiwe na wasiwasi, mhuri nitakutafutia.” Kazi inafanyika, ukuta unatinduliwa, paipu zinalazwa, waya unavutwa, plasta inapigwa, rangi inapakwa. Wakati wa kuomba umeme TANESCO ndipo anapotafutwa mkandarasi mwenye leseni, mara nyingi mjini Bagamoyo au Dar es Salaam, agonge mhuri kwenye fomu na mchoro wa nyumba ambayo hajawahi kuikanyaga. Mwenye nyumba amelipa mara mbili, na hakuna hata mmoja kati ya aliowalipa aliyechukua dhamana kwa haki. Mafundi wa namna hii na madalali wao tunawaita vishoka, na tunawalaumu vishoka peke yao. Mimi lawama kubwa naiweka kwa mwenye mhuri. Yeye ndiye aliyepewa leseni ili awe jicho letu, naye anaiuza akiwa amefumba macho.

Mhuri wa mwisho hauwezi kuona alichofanya fundi mwezi wa kwanza. Hautaona kama taa zilivutiwa waya wa milimita 1.5 za mraba na soketi 2.5, au kama ilitumika 1.5 nyumba nzima ili kubana gharama, huku jiko la umeme likipewa waya wa soketi. Wala hautaona waya uliokatikia njiani ukasokotwa na kufungwa tepu ndani ya paipu. Mkaguzi wa TANESCO naye anakuta ukuta mweupe na soketi zilizonyooka.

Huku kwetu pwani yapo mambo mawili ambayo fundi mzuri huyaangalia kuliko kawaida. La kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari huingia kwenye soketi na swichi, shaba hushika kutu ya kijani, skrubu hulegea, na penye kulegea joto hupanda. Fungua soketi ya nyumba ya zamani iliyo karibu na ufuko utaona rangi ya kahawia imezunguka tundu la moto. Hiyo ni alama ya kuungua kidogo kidogo. Kwa nyumba iliyoezekwa makuti sina haja ya kueleza zaidi.

La pili ni ethi, yaani waya na fimbo ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapofia. Ethi hutegemea udongo. Mchanga mkavu hupitisha umeme vibaya sana, kwa hiyo fimbo fupi iliyopigwa kwenye mchanga wa juu ni kama haipo. Inabidi izame mpaka kwenye unyevu. Karibu na maji ya chumvi mambo hugeuka: udongo hupitisha umeme vizuri, ila fimbo yenyewe huliwa na kutu. Sasa chukua nyumba ambayo ukinzani wa ethi yake ni omu 50. Friji ikivujisha umeme kwenye bati lake, volti 230 zikigawanywa kwa omu 50 zinatoa ampea 4.6 tu za kwenda ardhini. Sakiti breka ya ampea 32 haitashtuka kwa kiasi hicho. Itakaa imewaka, na bati la friji litabaki na umeme likisubiri mkono wa mtoto aliyetoka kuoga. Kinachookoa hapo ni kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kinachokata umeme unapovuja miliampea 30 tu. Kishoka hukiacha kwa sababu ni ghali kuliko breka ya kawaida na mwenye nyumba hajui kukidai. Kidai.

Umwombe fundi pia akuonyeshe kipimo cha mega. Umeme ukiwa haujaunganishwa, kifaa hicho husukuma volti 500 kwenye nyaya ili kuona kama ngozi ya waya inavuja. Kwa viwango vya Uingereza, ambavyo mafundi wetu wengi wamevisoma, usomaji usishuke chini ya megaomu 1, na nyumba mpya iliyofungwa vizuri hutoa namba ya juu mno kuliko hiyo. Kipimo kifanyike nyaya zikishavutwa na kirudiwe kazi ikikamilika, wewe ukiwa umesimama hapo. Asiye na mega amepima nini?

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu ameshasikia kuwa kuunganishiwa umeme vijijini ni shilingi 27,000, halafu fundi mwenye leseni anamtajia gharama zinazomtoa jasho. Bei ile ni ya kuunganishwa na nguzo. Nyaya za ndani ni zako mwenyewe. Kwa nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili, uliza kuhusu UMETA, kile kibao kilichokwisha kuwekewa soketi, swichi na breka, kilichobuniwa kwa nyumba ambazo wenyewe hawana uwezo wa kutandaza nyaya. Mama mlimaji wa mwani anayetaka taa tatu na pa kuchajia simu hana sababu ya kuingia mikononi mwa kishoka. Kwa nyumba kubwa, afadhali ufunge vyumba viwili sawasawa mwaka huu na vingine mwakani, mchoro ukiwa mmoja na fundi akiwa yule yule.

Wengine huona haya kuuliza leseni, hasa fundi akiwa ni mtoto wa jirani. Uliza kwa adabu, kabla ya kupatana bei: “Fundi, naomba nione leseni yako ya EWURA nichukue nakala.” Aliye nayo ataitoa bila kununa. Na kama kijana wako ana ujuzi lakini hana leseni, iko njia ya halali ya kumpa kazi: afanye chini ya mwenye leseni anayefika kwenye nyumba paipu zinapolazwa, waya unapovutwa na vipimo vinapofanyika, na makubaliano hayo yaandikwe pamoja na tarehe za kufika. Kijana atapata ugali wake na uzoefu wa kuombea leseni yake mwenyewe. VETA pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani, na ni vizuri akina baba wenye nyumba wawahimize.

Kwa wale ambao nyumba zao zimeshapakwa rangi na hawajui aliyefunga alikuwa nani, msibomoe ukuta. Mwiteni mwenye leseni apime ethi, apige mega kila njia, afungue soketi mbili tatu za upande wa baharini, na aweke RCD kama haipo. Njia itakayoshindwa kipimo ndiyo itakayovutiwa waya mpya, na ikiwa paipu zililazwa vizuri, waya wa zamani utatoka na mpya utaingia bila kugusa plasta.

Sehemu ya sita itahusu maji: kisima cha pwani, pampu na tangi.