Kuzima na Kuwasha Si Tiba ya Swichi

Simu itoke Arua au Koboko, swali ni lile lile: "Fundi, nimezima nimewasha, mbona ofisi ya uhasibu bado haina mtandao?" Kwa sababu ulichofuta ni ushahidi, ugonjwa umeuacha palepale.

Nasema swichi ya chasi, ile ya kadi za kuchomeka kama Catalyst 6500 ya Cisco, si kile kisanduku cha poti nane chini ya meza. Logi zake hukaa kwenye memori inayofutika umeme ukikatika. Feni ilisimama saa ngapi, kadi ipi ilianza kulalamika, hatutajua tena. Tena iliyougua ni kadi moja, wewe umeangusha jengo zima.

"Lakini juzi ilipona!" Ilipoa, haikupona. Vumbi jekundu bado limeziba njia ya hewa, na joto likipanda itajizima tena.

Umeme nao. Kwa miaka mingi eneo letu la West Nile, Uganda, lilikuwa nje ya gridi ya taifa, likitegemea jenereta na kituo cha umeme wa maji cha Nyagak cha megawati 3.5. Umeme unaoyumba huua pawasaplai. Ikifa moja, iliyobaki huenda isitosheleze kadi zote, na swichi huzinyima umeme baadhi. Washa upya hadi usiku, hesabu haibadiliki.

Baya zaidi, kuna kadi ambazo hazitaamka. Mwaka 2014 Cisco wenyewe walitangaza kwamba baadhi ya bidhaa zao zina memori za msambazaji mmoja, zilizotengenezwa kati ya 2005 na 2010. Zikishatumika kama miezi 24 huweza kuendelea kufanya kazi vizuri tu, kisha zikafa pale zinapozimwa na kuwashwa. Mwenye chasi ya mtumba ya umri huo acheze mbali na kitufe.

Haya, fanya hivi. Nakili "show logging" kwanza. Kisha "show module" na "show environment": kadi, joto, feni, pawasaplai. Lazima uwashe upya? Washa kadi moja: "hw-module module 4 reset". Bado? Vaa mkanda wa umemetuli, ichomoe, mulika pini za ndani ya tundu kwa tochi. Iliyopinda huharibu kadi inayofuata. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Zikiwa nzima, hamishia kadi tundu jingine: tatizo likiifuata, kadi imekufa, likibaki kwenye tundu, chasi ndiyo mbovu. Hapo ndipo unipigie, logi ukiwa nazo mkononi, kabla hatujaagiza kadi Kampala ambayo huenda huihitaji.