Pareto ya Njombe: mzani hauoni sumu

Gunia la maua makavu ya pareto likishuka Makambako kutoka Makete au Wanging'ombe, uzito wake hujulikana mara moja. Thamani yake bado. Mteja wa Marekani au Ulaya hanunui ua. Ananunua pairethrini, kemikali sita zinazoua wadudu, ambazo mkulima huziita kwa kifupi sumu. Katika ua kavu sumu hiyo huwa asilimia 1 na ushei, na mara chache huzidi 2, na maua mabovu hayafikishi hata 1. Magunia mawili yanaweza kulingana mzanini, moja likatoa kiwandani maradufu ya jingine.

Mbegu na mwinuko vina sehemu yao, maana pareto hupenda baridi. Lakini mengi huamuliwa na mikono. Sumu imejaa kwenye vijimbegu vya katikati ya ua, si kwenye petali nyeupe, nayo hukolea ua likishafunguka. Anayechuma machanga, au anayeacha vikonyo virefu, anajaza kikapu tu. Kisha kuna kukausha: kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja kavu. Yakirundikwa yana maji, yanapata moto na kuchacha. Yakikaa mno juani, mwanga wenyewe unaila sumu. Na Njombe ya Juni na Julai, kwa ukungu ule, jua lenyewe la kubahatisha. Ukiyasogeza karibu na moto wa jikoni, joto kali linaharibu yaliyobaki. Kaushio la kijiji, lenye paa na vichanja vinavyopitisha hewa, lina faida kuliko semina kumi.

Washindani hawafanani. Tasmania, kule Australia, inayotoa sehemu kubwa ya pareto ya dunia, huvuna kwa mashine kwenye mashamba makubwa, na asili ya kila shehena inafahamika. Kenya ilikuwa jabali la zao hili kupitia kiwanda cha Nakuru, mpaka malipo ya wakulima yalipochelewa mno na wengi wakahamia viazi na mazao mengine. Rwanda ina kiwanda chake Musanze. Maua ya Nyanda za Juu Kusini yana kiwanda cha Mafinga, na hutoka kwa wakulima wadogo wengi, kila mmoja na turubai lake na bahati yake ya hali ya hewa.

Kiwanda hulainisha tofauti hizo. Maua husagwa, sumu ikatolewa kwa kiyeyusho, kikapatikana kiini kizito cheusi chenye sumu ya asilimia 30 hivi. Hicho husafishwa na kusawazishwa hadi kiwango alichoagiza mteja, mara nyingi asilimia 50 au 25. Usafishaji si wa kupendezesha rangi tu. Unga mbichi wa pareto uliwaletea wafanyakazi wa zamani muwasho wa ngozi na hata pumu, kwa kuwa ua hili lina viambato vingine vinavyoamsha mzio. Vikiondolewa, malalamiko hupungua.

Madaktari wa mzio nao wana tatizo hilohilo la malighafi isiyofanana. Dawa wanayodondoshea ngozini kupima kama mgonjwa anadhuriwa na chavua hutengenezwa kwa mimea, na mimea haifanani. Nchini Marekani, dawa za kupima mzio wa utitiri wa vumbi, paka na nyasi kadhaa hupimwa nguvu yake halisi. Nyingine nyingi huandikwa tu uzito wa malighafi kwa ujazo wa maji. Chupa mbili zenye maandishi sawa huweza kutofautiana sana. Ni gunia la Makambako, ila limevaa koti jeupe.

Njombe si mgeni wa hesabu hii. TANWAT, kampuni ya miwati ya hapa iliyoanzishwa mwaka 1949, ilijijengea jina kwa tanini ya magome ya miwati, na mtengeneza ngozi huuliza kwanza tanini ni asilimia ngapi.

Kupima kila mkulima peke yake ni ghali. Kupima fungu la kila chama cha ushirika kunawezekana, na naona gharama hiyo aibebe mnunuzi, kwa sababu maabara ni yake na faida ya maua bora inaanzia kwake. Asilimia ibandikwe kituoni pamoja na bei, kabla gunia halijachanganywa na la kijiji kingine.